Ulingo wa kuwindia kulungu

Ulingo wa kuwindia kulungu ni jukwaa dogo linalofungwa kwenye shina la mti, au linalosimama kwa miguu yake lenyewe, ili mwindaji akae juu na kusubiri kulungu apite karibu. Hutumika hasa Marekani na Kanada, ambako wawindaji wa upinde huwinda kulungu mkia-mweupe (Odocoileus virginianus) kuanzia Septemba au Oktoba kutegemea jimbo. Kwa kawaida jukwaa huwa na nafasi ya miguu miwili na kiti kidogo tu, nalo huwekwa mita 4 hadi 6 kutoka ardhini.

Kazi kubwa ya ulingo hufanyika kabla msimu haujafunguliwa: kuchagua mahali na mti, kukagua mikanda na vyuma, kuufunga, kusafisha njia za mshale na kuzoea kupiga kutoka juu. Matayarisho hayo yana hatari zake. Kuanguka kutoka ulingoni ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha ya wawindaji wa kulungu nchini Marekani, na ajali nyingi hutokea wakati mtu anapanda, anashuka au anavuka kutoka ngazini kwenda jukwaani, wala si akiwa ameketi.

Jina

Katika Kiswahili ulingo ni jukwaa la miti linalojengwa shambani ili mlinzi awafukuze ndege, ngedere na nguruwe mwitu wasile mazao. Likiwa na paa huitwa pia dungu. Kwa umbo ulingo wa shambani na ule wa mwindaji unafanana sana, lakini matumizi yake ni kinyume: mlinzi wa shamba hupiga kelele na kurusha mawe kwa teo ili wanyama wajue yupo, na mwindaji hukaa kimya wasijue.

Nchini India jukwaa la namna hiyo huitwa machan, na lilitumiwa zamani kuwavizia chui milia. Mwindaji na mwandishi Jim Corbett, aliyejulikana kwa kuwaua chui milia na chui waliokula watu, alihamia Nyeri nchini Kenya baada ya uhuru wa India. Karibu na hapo ilikuwako hoteli ya Treetops, iliyoanza mwaka 1932 kama kibanda juu ya mti wa mugumo, ambapo wageni walikaa juu usiku na kuwatazama wanyama bila kuwadhuru. Corbett alikuwapo hotelini Februari 1952, usiku ambao Elizabeth wa Uingereza alirithi ufalme baada ya kifo cha baba yake.

Neno kulungu nalo lahitaji maelezo. Afrika ya Mashariki wengi huliita kwa jina hilo swala wa jenasi Tragelaphus, ambaye huitwa pia mbawala au pongo. Huyo ni wa familia ya ng'ombe na mbuzi (Bovidae), na pembe zake hazidondoki. Kulungu wa makala hii ni wa familia Cervidae: dume huangusha pembe zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuotesha nyingine zilizofunikwa na ngozi laini, ambayo husuguliwa kwenye miti mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Familia hii haina spishi ya asili kusini mwa Sahara.

Historia

Kuvizia mnyama kutoka juu ya mti ni mbinu ya kale katika mabara mengi. Uwindaji wa kisasa wa upinde Marekani ulianza upya katika karne ya 20, baada ya kulungu mkia-mweupe kupungua mno kwa sababu ya uwindaji wa biashara. Jimbo la Wisconsin lilifungua msimu maalumu wa upinde mwaka 1934, katika kaunti mbili tu za Columbia na Sauk. Mwaka 1937 sheria ya shirikisho, inayoitwa kwa majina ya wabunge Pittman na Robertson, ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Baadaye, katika miaka ya 1970, kodi ya pinde na mishale iliongezwa. Idadi ya kulungu ilirudi, na leo mkia-mweupe anakadiriwa kufikia takriban milioni 30.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni upinde wenye kapi. Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza yake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kapi za ncha zake hupunguza uzito ambao mkono unabeba upinde ukishavutwa hadi mwisho, hivyo mpigaji aweza kushikilia na kulenga kwa utulivu. Watu wengi ambao wasingemudu upinde wa kawaida waliingia msituni, na soko la ulingo wa chuma na alumini likakua pamoja nao. Kabla ya hapo wengi walipigilia mbao kwenye matawi. Watengenezaji wa Marekani wana chama chao kinachoweka viwango vya ubora, na viwango hivyo hutaka kila ulingo uuzwe pamoja na mkanda wa usalama wa mwili mzima.

Kwa nini juu ya mti

Bunduki yaweza kumfikia kulungu aliye mita 100 na zaidi, ilhali wawindaji wengi wa upinde hawapigi zaidi ya mita 30. Katika umbali huo mfupi mwindaji hulazimika kuinua mkono na kuvuta upinde, mwendo ambao kulungu aliye chini huuona mara moja. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona eneo pana sana. Hatofautishi vizuri rangi nyekundu na ya machungwa na kijani, lakini huona buluu na miale ya urujuanimno vizuri kuliko binadamu. Akiwa juu, mwindaji yuko nje ya usawa ambao kulungu hutazama mara nyingi.

Faida ya pili ni harufu. Kulungu huamini pua yake kuliko macho. Mtu akiwa juu, harufu yake huweza kupita juu ya mnyama aliye karibu kabla haijashuka. Hata hivyo urefu haufuti harufu, unaisogeza tu, na kulungu aliye mbali upande unaokopeleka upepo bado atamnusa.

Urefu una gharama yake. Mwindaji akiwa mita 6 juu na kulungu akiwa mita 18 kutoka shinani, mshale hushuka kwa pembe ya digrii 18 hivi, na hupita mapafu yote mawili bila shida. Kulungu huyo akikaribia hadi mita 5 kutoka shinani, pembe hufika digrii 50. Hapo mshale unaoingia karibu na uti wa mgongo huweza kutoboa pafu moja tu, na kulungu aliyepoteza pafu moja huenda mbali, mara nyingi asipatikane. Kwa hiyo kupanda mita 8 au 9, kama baadhi wanavyojivunia, huongeza hatari ya mwindaji na ya kumjeruhi mnyama bure, kwa faida ndogo.

Aina

Ulingo wa ngazi ni mzito na huegemezwa mtini pamoja na ngazi yake. Ni rahisi kupanda na hufaa wanaoanza, lakini huonekana kwa urahisi na kuuhamisha ni taabu. Ulingo wa kuning'iniza ni jukwaa jepesi linalofungwa kwa mkanda au mnyororo, na mwindaji huufikia kwa vipande vya ngazi vinavyofungwa shinani. Ulingo wa kukwea una sehemu mbili, ya kiti na ya miguu, ambazo mwindaji huzipandisha kwa zamu huku akikumbatia shina, nao huhitaji mti ulionyooka usio na matawi ya chini. Siku hizi wengi hutumia pia tandiko, yaani mkanda mpana wa nyonga unaomshikilia mtu akiegemea nyuma, akiwa na kibao kidogo cha miguu tu. Mahali pasipo na miti mikubwa, kama sehemu kavu za Texas, hutumika ulingo wa miguu mitatu au kibanda kilichoinuliwa.

Kuchagua mahali

Wakati mzuri wa kutafuta mahali ni mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiisha na majani yakiwa hayajachipua. Njia za kulungu huonekana wazi wakati huo, pamoja na mashina yaliyochubuliwa na madume na sehemu walizokwangua ardhi kwa kwato mwaka uliopita. Kumtisha kulungu Machi hakuna madhara makubwa, kwa kuwa ana miezi mingi ya kusahau. Kuzungukazunguka mahali hapo hapo wiki moja kabla ya msimu ni jambo lingine: dume mkubwa aliyegundua nyayo za mtu hubadili mwenendo na kutembea usiku tu. Ndiyo sababu wengi hufunga ulingo Julai au mwanzoni mwa Agosti, kisha huliacha eneo bila kuliingia hadi siku ya kwanza ya kuwinda.

Chakula hubadilika haraka katika kipindi hicho. Mwezi Agosti kulungu hujaa katika mashamba ya soya yakiwa bado mabichi, na mwindaji anayewaona jioni huamini kwamba amemaliza kazi. Majani ya soya yakigeuka manjano, kulungu huyaacha. Wakati huo huo mialoni huanza kuangusha matunda. Matunda ya mwaloni mweupe (Quercus alba) yana uchungu kidogo kuliko ya mwaloni mwekundu (Quercus rubra) na huliwa kwanza, kwa hiyo mwaloni mweupe mmoja wenye matunda mengi huweza kuvuta kulungu wa eneo zima kwa wiki mbili au tatu. Kutambua miti hiyo mapema, na kuitazama kwa darubini mnamo Agosti kama imezaa, kunafaa kuliko kuhesabu kulungu shambani. Katika Novemba, ambao ni mwezi wa kupandana katika sehemu kubwa ya kaskazini, madume hutembea mchana wakitafuta majike, na hapo ulingo ulio kwenye njia nyembamba kati ya misitu miwili hufaa zaidi ya ule wa mahali pa kulishia.

Upepo huamua mti upi kati ya miti mizuri. Ulingo huwekwa upande ambao upepo wa kawaida wa majira hayo unatoka kwa kulungu kwenda kwa mwindaji. Kwenye vilima hewa hupanda mteremko jua linapoipasha joto asubuhi, na hushuka bondeni kukipoa jioni, hivyo mahali pazuri pa asubuhi paweza kuwa pabaya jioni. Mwenye nafasi hufunga ulingo zaidi ya mmoja ili asilazimike kukaa katika upepo usiomfaa.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni njia ya kuufikia. Ulingo ulio juu ya makutano bora ya njia hauna maana ikiwa mwindaji lazima apite katikati ya kulungu waliolala ili aufikie kabla ya mapambazuko. Njia husafishwa mapema, matawi makavu yanayovunjika kwa kelele huondolewa, na inapowezekana hufuata kijito au mtaro.

Baadhi ya wawindaji huweka mahindi au chumvi mbele ya ulingo. Hili ni marufuku katika maeneo mengi, sababu mojawapo ikiwa ugonjwa wa kudhoofika unaoua kulungu kwa kuharibu ubongo. Huenea kulungu wanapokusanyika na kulamba mahali pamoja. Uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002 na umeenea katika majimbo mengi.

Mti

Mti unapaswa kuwa hai, imara, na mnene kiasi kinachotajwa na mtengenezaji wa ulingo. Huko Midwest na mashariki mwa Marekani tahadhari kubwa ni juu ya miti ya jenasi Fraxinus. Mbawakawa Agrilus planipennis kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Mti uliokufa kwa ajili yake hukauka na kuvunjika ghafla, hata ukionekana wima na mnyoofu. Mti uliokuwa salama miaka mitano iliyopita waweza kuwa umekufa sasa, na hilo halionekani wakati wa baridi ambapo miti yote haina majani. Anayefunga ulingo Machi hulazimika kurudi kiangazi kuhakikisha kwamba mti umechipua.

Mashina yaliyovikwa mtambaazi wa Toxicodendron radicans huepukwa pia, kwa kuwa utomvu wake husababisha upele mkali hata majani yakiwa yameanguka. Nyigu hupenda kujenga chini ya kiti cha ulingo ulioachwa, na mtu anayekutana nao akiwa mita 5 juu hana pa kukimbilia. Kupe wa spishi Ixodes scapularis, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, ni wengi Wisconsin na Pennsylvania, hivyo kujikagua mwili baada ya kazi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kukagua mikanda na vyuma

Miongozo mingi ya uwindaji huzungumza sana juu ya pembe na upepo na kidogo juu ya mikanda, ingawa ni mikanda inayoshikilia uhai wa mtu. Ulingo ulioachwa mtini mwaka mzima huharibika kwa njia nne. Jua hudhoofisha nyuzi za nailoni na poliesta, na mkanda uliopauka, uliokakamaa au unaotoa unga unapokunjwa haufai tena. Kindi na panya hutafuna mikanda, mara nyingi upande wa nyuma wa shina usioonekana na anayepanda. Maji huingia kwenye vyuma na kuleta kutu mahali vilipounganishwa. Mwisho, mti wenyewe hunenepa: mkanda uliokazwa sawasawa Agosti huwa umekazwa kupita kiasi mwaka unaofuata, au gome huanza kuumeza, na siku moja hukatika chini ya uzito ambao ulikwisha kuubeba mara mia.

Kwa sababu hiyo ukaguzi hufanyika ulingo ukiwa chini, wala si kwa kuupanda na kutikisa. Kila mkanda huvutwa na kukunjwa katika urefu wake wote. Kebo za jukwaa huangaliwa kama kuna nyuzi zilizokatika, hasa penye ncha zilizofunikwa na plastiki, ambapo kutu hujificha. Bolti na nati hukazwa, na zilizopotea hubadilishwa kwa za aina ile ile, si kwa msumari au waya. Watengenezaji huandika muda wa kutumia mikanda, ambao mara nyingi ni mfupi, na uzito wa juu ambao ulingo hubeba, kwa kawaida karibu kilo 136. Uzito huo ni pamoja na nguo, viatu, mkoba na upinde.

Ulingo wa mbao uliopigiliwa misumari mtini haukaguliki kwa uhakika. Mti ukiyumba kwa upepo huivuta misumari kidogo kidogo, na mbao huoza kuanzia upande unaogusa gome. Walimu wa uwindaji huwashauri watu wasiupande kabisa, hata ukiwa umejengwa na babu yao. Misumari iliyobaki ndani ya shina pia huharibu misumeno ya wakata mbao miaka mingi baadaye.

Kufunga na kupanda

Ulingo wa ngazi hufungwa na watu watatu: wawili hushika na mmoja hukaza mkanda wa kwanza kutoka chini. Anayefunga ulingo wa kuning'iniza anahitaji mikono yote miwili, kwa hiyo hutumia mkanda unaozunguka shina na nyonga, kama wa mafundi wa nguzo za umeme, pamoja na mkanda wa mwili mzima.

Mkanda wa mwili mzima hupita mabegani, kifuani na mapajani, na huunganishwa na mti kwa kamba fupi kutoka mgongoni. Mkanda wa zamani wa kiunoni peke yake umeachwa, kwa kuwa ulimbana aliyeanguka tumbo na kifua hadi akashindwa kupumua. Kamba huungwa juu ya kichwa, ikiwa fupi kiasi kwamba mtu akiketi haina ulegevu. Kusudi ni mtu asianguke hata nusu mita. Ikiwa ndefu, mtu huanguka chini ya jukwaa na kushindwa kulifikia tena.

Hata hivyo mkanda uliounganishwa baada ya kufika juu haumlindi mtu njiani, na njiani ndiko wengi huanguka. Suluhisho ni kamba ya uhai inayofungwa juu ya ulingo na kuteremka hadi chini. Mwindaji akiwa bado ardhini huunganisha mkanda wake na fundo linalotelezeka juu ya kamba hiyo likisukumwa kwa mkono, lakini hujikaza likivutwa kwa ghafla. Fundo hilo huitwa Prusik, kwa jina la mpanda milima wa Austria Karl Prusik. Kamba hiyo ni ya bei ndogo kuliko vyembe vizuri vya mishale, na hakuna sababu ya maana ya kuikosa.

Vipande vya ngazi hufungwa hadi vipite usawa wa jukwaa, ili mtu apande juu yake kidogo kisha ashuke kulikanyaga. Anayelazimika kujivuta kutoka chini ya jukwaa huweka uzito wake wote mahali pamoja, tena ukingoni. Wakati wote wa kupanda viungo vitatu kati ya vinne, yaani mikono na miguu, hubaki vimeshika ngazi. Hilo haliwezekani kwa mtu aliyebeba upinde. Upinde hubaki chini, mishale ikiwa podoni na vyembe vikiwa vimefunikwa, nao huvutwa kwa kamba mwindaji akishaketi na kufungwa mkanda. Vyembe vya kuwindia hukata kama wembe, na kuangukia mshale wake mwenyewe ni ajali inayojulikana.

Anayeanguka kutoka mita 6 bila mkanda hufika chini kwa sekunde 1.1 hivi, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Majeraha ya kawaida ni kuvunjika uti wa mgongo, miguu na nyonga, na baadhi ya walioanguka hupooza maisha. Mara nyingi mtu huwa peke yake, mbali na barabara, kabla ya mapambazuko au baada ya giza. Hata anayeshikwa na mkanda bado yuko hatarini, kwa kuwa kuning'inia bila kusogeza miguu huzuia damu kurudi moyoni na huweza kuua katika muda mfupi. Mikanda ya siku hizi huwa na utepe wa kukanyagia ili aliyening'inia apunguze uzito mapajani hadi arudi ngazini. Kujaribu hali hiyo karibu na ardhi, mtu mwingine mzima akiwapo, hufundisha zaidi ya kusoma maelezo. Simu na filimbi hukaa mwilini, si kwenye mkoba ulioning'inizwa, na mtu wa nyumbani huachiwa habari ya ulingo gani utatumika na saa ya kurudi.

Njia za mshale na mazoezi

Mshale hupotoshwa na kijiti kidogo sana. Mwindaji huketi ulingoni, mwenzake hutembea chini kwenye njia za kulungu, nao huamua tawi lipi liondoke. Hukatwa machache. Ukataji mwingi humwacha mwindaji wazi kama ndege juu ya waya, na kulungu hutambua uwazi mpya. Matawi ya nyuma ya mwindaji huachwa ili umbo lake lisionekane dhidi ya anga. Kazi hii hufanywa mapema, kwa kuwa harufu ya utomvu mbichi na majani yaliyokatwa huwatia shaka wanyama.

Mpigaji wa mkono wa kulia huvuta kwa urahisi kuelekea kushoto kwake, hivyo jukwaa huelekezwa ili kulungu atokee upande huo. Kiti na jukwaa hujaribiwa kwa kelele. Mlio mdogo wa chuma katika asubuhi tulivu ya baridi hufika mbali, na huondolewa kwa mafuta yasiyo na harufu au kitambaa kati ya vyuma. Umbali wa miti michache hupimwa na kukumbukwa.

Kupiga kutoka juu huhitaji mazoezi yake. Mvutano wa dunia hutenda juu ya mshale kwa kadiri ya umbali wa mlalo, si wa mstari wa jicho, kwa hiyo anayepiga chini kwa pembe kali kwa kutumia umbali wa jicho hupiga juu ya shabaha. Kwa mita 18 tofauti ni ndogo. Kosa kubwa zaidi ni la mwili: mtu huinamisha mkono wa upinde peke yake, mabega yakapinda na shabaha ikapotea. Hufundishwa kuvuta upinde kwa usawa kwanza, kisha kuinama kiunoni. Mazoezi hufanywa kwa nguo zile zile za baridi na mkanda ule ule wa usalama, kwa sababu uzi wa upinde hukwama kwenye mikono mipana ya makoti.

Sheria

Katika ardhi ya umma sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Michigan, ambako msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, hutaka ulingo uwe na utambulisho wa mwenyewe. Wisconsin, ambako msimu huanza katikati ya Septemba, hutaka ulingo uondolewe kila siku katika ardhi nyingi za jimbo, isipokuwa sehemu za kaskazini. Kukata miti hai na kutumia hatua za skrubu zinazotoboa shina hukatazwa mahali pengi. Katika ardhi ya mtu binafsi ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, na inafaa itajwe wazi kama inahusu pia kukata matawi. Mafunzo ya uwindaji ni sharti la leseni katika majimbo mengi. Wisconsin huyadai kwa waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973.

Nje ya Marekani, Ufaransa inaruhusu uwindaji wa upinde tangu mwaka 1995. Uingereza ilikataza kumpiga kulungu mshale kwa sheria ya mwaka 1963. Kenya imefunga uwindaji wa michezo tangu mwaka 1977. Ujerumani ina desturi kubwa ya ulingo wa mbao, unaoonekana kando ya mashamba na misitu kote nchini, lakini sheria yake ya uwindaji hairuhusu kumpiga kulungu kwa mshale, na wanaoupanda huwa na bunduki.